Simu isiyoutambua mkono wa mkulima

Mkono mtupu haulambwi, walisema wahenga. Walikuwa wakituhimiza tuitumie mikono yetu, kwani asiyefanya kazi hana cha kumpa mwenziwe wala cha kutarajia kutoka kwake. Siku hizi, hata hivyo, imezuka hali ambayo wahenga hao hawakuiona wala kuiota. Mkono usio mtupu, mkono ulioshupaa kwa jembe na kuota sugu kwa miaka thelathini ya kazi ya halali, unafika mbele ya kipande cha kioo na kukataliwa kana kwamba si mkono wa binadamu.

Majuzi nilipiga foleni katika kibanda cha wakala wa kutuma pesa kwenye soko moja la mashambani. Mbele yangu alisimama mama wa makamo, mchuma chai, ambaye vidole vyake vilikuwa vimekauka na kupasukapasuka kwa utomvu wa majani. Mkononi alikuwa na simu mpya ya kugusa, zawadi ya bintiye. Aliigusa tarakimu ya kwanza ya nambari yake ya siri; kioo kikanyamaza. Akakipangusa kwa ncha ya leso, akagusa tena, kimya. Akalamba kidole kama mtu anayehesabu noti, na mara hii zikaingia tarakimu mbili badala ya moja. Watu waliokuwa nyuma wakaanza kunung'unika.

Hatimaye alimgeukia kijana aliyekuwa kando yake. "Mwanangu, hebu nisaidie. Simu hii haitaki mkono wangu." Kisha akamtamkia nambari yake ya siri, tarakimu zote nne, kwa sauti ambayo sote tuliisikia. Kijana yule alikuwa mwaminifu. Alizibonyeza, akamrudishia simu na kumwambia, "Imekubali, mama. Lakini nambari hii usimtajie mtu mwingine." Mama akaitikia kwa kichwa, kisha akauliza swali ambalo nimeshindwa kulisahau: "Nitafanyaje, mwanangu?"

Wapo watakaosema kwamba tatizo la mama huyo ni ujinga, na kwamba akifundishwa atazoea. Hayo ni maneno ya watu ambao vidole vyao ni laini. Mama huyo anaijua nambari yake, anajua kuhesabu, na kwa miaka mingi alituma na kupokea pesa kwa simu yake ya vitufe, ile ya tochi tuliyoipa jina la mulika mwizi, bila ya kumwomba mtu msaada. Hakupungukiwa na maarifa siku alipopewa simu mpya. Kilichobadilika ni jinsi mtambo unavyomtambua binadamu anayeutumia. Ili tujue lawama ni ya nani, hatuna budi kufunua simu hiyo na kutazama kilichomo.

Chini ya kioo cha simu ya kugusa mmetandazwa nyuzi nyembamba mno zinazopitisha umeme, na nyuzi hizo zimeunganishwa na chipu, yaani kipande kidogo cha silikoni kilichojaa saketi. Chipu hiyo haipimi uzito wa kidole wala nguvu ya kubonyeza. Inachopima ni umeme. Mwili wa binadamu una maji na chumvi, kwa hiyo hupitisha umeme. Kidole kinaposogea karibu na nyuzi zile, huibadilisha kidogo chaji ambayo nyuzi hizo zaweza kuhifadhi. Badiliko hilo ni dogo ajabu. Hupimwa kwa pikofaradi, na pikofaradi moja ni faradi iliyogawanywa katika sehemu milioni milioni. Katika kioo cha simu, badiliko linaloletwa na kidole mara nyingi halifiki hata pikofaradi moja. Chipu hulinganisha badiliko hilo na kizingiti kilichowekwa na mhandisi. Likikivuka, simu husema nimeguswa. Lisipokivuka, husema hapana mtu.

Elimu hii si ngeni. Mnamo miaka ya 1920, Mrusi aitwaye Leon Theremin aliushangaza ulimwengu kwa ala ya muziki iliyopigwa bila ya kuguswa: mpigaji aliisogezea mikono na kuiondoa, na sauti ikapanda na kushuka. Mwaka 1965, Mwingereza E. A. Johnson, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti wa rada mjini Malvern, alichapisha maelezo ya kioo kinachohisi kidole kwa njia ya umeme, akiwafikiria waongozaji wa ndege. Katika miaka ya 1970, wahandisi wa CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kilichoko Uswisi, walitumia vioo vya aina hiyo kuendeshea mtambo wao mkubwa. Kisha, mwaka 2007, ikatokea iPhone, na tangu hapo vitufe vikaanza kutoweka mikononi mwa watu.

Tazama basi, msomaji, njia ambayo kioo hiki kimepitia. Kimepita kwa mwanamuziki, kwa mwongozaji wa ndege, kwa mwanafizikia na kwa mfanyakazi wa ofisini. Hao wote ni watu wenye heshima zao, na sina ugomvi nao. Ninalosema ni kwamba mahali pote kilipolelewa, mkono uliotumika kukijaribu ulikuwa mkono wa mtu asiyeshika jembe.

Ngozi ya mkono unaofanya kazi ngumu hujenga tabaka nene la juu, nalo ni kavu na limekufa. Tabaka hilo ndilo sugu, na sugu haipitishi umeme vyema. Kwa chipu, ni kana kwamba kidole kimevishwa kofia: nyama yenye maji na chumvi ipo, lakini imesukumwa mbali na kioo. Isitoshe, kidole kigumu hakitandazi juu ya kioo kama kidole laini. Hugusa kwa sehemu ndogo tu. Umbali ukiongezeka na eneo likipungua, badiliko la chaji nalo hupungua. Mkono wa mama yule ulikuwapo, uligusa, tena uligusa kwa nguvu; ila haukuweza kukivuka kizingiti. Alipolamba kidole, mate yalipitisha umeme na kuacha unyevu juu ya kioo, na chipu ikadhani kwamba unyevu nao ni kidole. Ndiyo maana tarakimu moja ikawa mbili.

Hapo ndipo tunapofikia kiini cha maneno yangu. Kizingiti hicho hakikushuka kutoka mbinguni. Ni tarakimu iliyoandikwa katika programu na binadamu aliyeketi mezani, akiwa na mikono fulani mbele yake ya kuijaribu. Anayechagua kizingiti anachagua pia ni nani atakayetambuliwa na ni nani atakayegeuzwa mzimu. Hilo ni jambo la haki kabla halijawa jambo la ufundi.

Nisieleweke kwamba ninazitukana chipu hizi. Kwa kweli, miongoni mwa vitu vidogo ambavyo teknolojia imetuletea, ni vichache vinavyolifaa bara letu kuliko vihisi vinavyotumia umeme kidogo. Aina ninayoitaja hasa ni ile iliyounganisha kazi mbili katika chipu moja: kuhisi ukaribu wa mkono kabla haujafika, na kuhisi mguso wenyewe. Chipu ya namna hiyo hulala usingizi wa kuku. Huamka mara kadhaa kwa sekunde, ikapima kwa haraka kama kuna mkono unaokaribia, kisha ikalala tena. Mkono ukisogea, huamka kabisa, ikaanza kupima kwa makini na kuuamsha mtambo mzima.

Faida yake yaweza kuhesabiwa kwa vidole. Chukua betri bapa mfano wa sarafu, ile inayoitwa CR2032, yenye uwezo wa takriban miliampea 220 kwa saa. Kifaa kinachokula miliampea moja mfululizo kitaimaliza katika saa 220, yaani siku tisa tu. Kifaa kinachokula mikroampea 10, yaani sehemu moja kwa mia ya ile ya kwanza, kitadumu saa 22,000, takriban miaka miwili na nusu. Katika nchi ambamo bado wako watu wanaotembea hadi sokoni kulipia chaji ya simu, na ambamo taa ya sola ndiyo inayomsomesha mtoto usiku, tofauti hiyo si ya anasa. Taa ya sola yenye kihisi cha mguso haina kitufe cha kuingia vumbi na kuharibika. Kipimajoto cha zahanati chenye kihisi kama hicho chaweza kukaa mwaka mzima bila ya kubadilishwa betri.

Lakini hakuna kizuri kisicho na gharama. Ili chipu itumie umeme kidogo, hupima mara chache na kwa muda mfupi. Kadiri inavyopima kwa uchache, ndivyo inavyoshindwa kutenganisha ishara dhaifu ya kidole kigumu na kelele za umeme zinazouzunguka mtambo. Kelele hizo si jambo la kuwazia tu. Yeyote aliyewahi kuchaji simu kwa chaja hafifu ya barabarani ameona jinsi kioo kinavyorukaruka na kujibonyeza chenyewe. Mhandisi anayetaka betri idumu na kioo kisirukeruke hukipandisha kizingiti juu, akawa amemfungia nje mwenye sugu. Sifa inayoandikwa kwenye kasha kwa herufi kubwa, ya kwamba betri hudumu siku kadhaa, yaweza kuwa imelipiwa na mkulima ambaye hakuulizwa.

Je, haiwezekani kuyapata yote mawili? Yawezekana, na ushahidi upo. Mwezi Septemba mwaka 2012 kampuni ya Nokia, ya Ufini, ilitangaza simu ya Lumia 920, na mojawapo ya sifa zake kubwa ilikuwa kwamba kioo chake kilimtambua hata mtu aliyevaa glavu. Ufini ni nchi ya baridi kali. Watu wake walichoka kuvua glavu kwenye theluji ili wapokee simu, na wahandisi wakalishughulikia jambo hilo hadi wakafaulu. Tangu wakati huo, simu kadhaa za bei ya juu zimewekewa sehemu katika mipangilio ambapo mtumiaji anaweza kuongeza wepesi wa kioo kuhisi.

Glavu ni nini mbele ya umeme? Ni tabaka kavu lisilopitisha umeme kati ya nyama na kioo. Na sugu je? Ni tabaka kavu lisilopitisha umeme vyema kati ya nyama na kioo. Tofauti ni kwamba glavu huvuliwa, ilhali sugu haivuliki. Baridi ya kaskazini ikapata tiba kwa sababu aliyeihisi alikuwa karibu na meza ya mhandisi. Sugu za Kericho, za Murang'a na za Kisii hazijapata, kwa sababu wenye nazo wako mbali na meza hiyo.

Tena, chipu iliyounganisha ukaribu na mguso ndiyo hasa iliyobeba dawa. Maadamu hulala bila ya kula umeme mwingi na kuamka mkono unapokaribia, inaweza kuitumia akiba hiyo kupima kwa muda mrefu na kwa makini zaidi katika zile sekunde chache ambazo mtu anaandika nambari yake ya siri. Mwenye kuweka akiba ya mahindi haiweki ili ioze ghalani. Huiweka ili aitumie wakati wa njaa. Akiba ya umeme nayo itumike pale ambapo ishara ni dhaifu. Uwezo upo ndani ya chipu. Kilichokosekana ni amri ya kuutumia kwa ajili yetu.

Wako watakaonijibu kwamba soko litajirekebisha lenyewe: mwenye simu isiyomfaa ataiacha na kununua nyingine. Jibu hili lingekuwa na maana kama mnunuzi angejua anachonunua. Kwenye kasha la simu huandikwa ukubwa wa kioo, wingi wa kamera na uwezo wa betri. Sijaona kasha lililoandikwa: kioo hiki kimejaribiwa kwa vidole vya wajenzi, wafua nguo na wakulima. Mama yule hakuichagua simu ile, alizawadiwa. Bintiye aliijaribu dukani kwa kidole chake cha mjini, nayo ikamtii mara moja.

Wengine watasema tuwape wazee kalamu ya kuandikia kwenye kioo, ama tuwafundishe kuzungumza na simu. Kalamu hupotea. Na nambari ya siri haitamkwi hadharani; hilo ndilo balaa hasa tunalotaka kuliepuka. Pesa za simu zilipoanza nchini Kenya mwezi Machi 2007, kwa jina la M-Pesa, zilijengwa juu ya simu ya kawaida ya vitufe, na hiyo ilikuwa siri mojawapo ya kufaulu kwake. Kitufe hakikuuliza kama mkono ni laini. Leo tunapowahimiza watu wote wahamie kwenye kioo, tusiwape kwa mkono mmoja na kuwapokonya kwa mwingine. Mtu aliyelazimika kumpa mwingine nambari yake ya siri amenyang'anywa mlango wa hazina yake, hata kama hakuibiwa siku hiyo. Matapeli hawahitaji mengi zaidi ya hayo.

Tuwakumbuke pia ndugu zetu wasioona. Kitufe kilichoinuka hupapaswa kwanza kikatambuliwa, kisha kikabonyezwa. Katika kioo laini, kupapasa ndiko kubonyeza. Siku hizi vioo vya namna hiyo vimeingia katika lifti, katika mashine za kufulia, katika majiko ya umeme na katika mitambo ya malipo. Asiyeona akisimama mbele ya lifti ya kugusa, kidole chake humpeleka orofa asiyoitaka kabla hajajua kilipo. Hapa napo chipu yenye kazi mbili yaweza kuwa mkombozi: mkono unapokaribia, mtambo utamke jina la kitufe, mkono unapogusa ndipo utekeleze. Ufundi wa kutenganisha mambo hayo mawili umo tayari ndani ya chipu. Huachwa bila ya kutumiwa kwa sababu aliyenunua mtambo hakuuliza.

Sheria yetu haiko kimya juu ya mambo haya. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaofaa, haki ya kupata habari zitakazomwezesha kuzifaidi kikamilifu, na haki ya kulindwa maslahi yake ya kiuchumi. Kifungu cha 54 kinasimamia haki za watu wenye ulemavu, ikiwa ni pamoja na kuheshimiwa utu wao na kufikia mahali na habari. Simu isiyomtambua mwenyewe, hata akalazimika kutangaza siri yake sokoni, imevunja roho ya vifungu hivyo, hata kama haikuvunjika kioo.

Basi ni lipi la kufanywa? Kwanza, Halmashauri ya Mawasiliano huidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla ya kuuzwa nchini, na Shirika la Ukadiriaji Bidhaa, KEBS, huweka viwango vya ubora. Taasisi hizi mbili zikae pamoja na kuweka kipimo cha mguso. Kipimo chenyewe si kigumu. Waitwe wachuma chai, waashi, mafundi wa jua kali, wavuvi na wazee, kila mmoja aandike tarakimu nne mara kumi kwenye kioo kinachokaguliwa, mkono ukiwa mkavu na ukiwa na unyevunyevu. Matokeo yaandikwe kwenye kasha, kama ilivyoandikwa kamera. Mtengenezaji hatalazimishwa kubuni chipu mpya; mara nyingi atahitaji tu kubadilisha tarakimu katika programu.

Pili, mwezi Oktoba 2023 kilizinduliwa kiwanda cha kuunganisha simu za kisasa huko Athi River, na wengi wetu tulishangilia kwamba sasa simu itatoka nyumbani. Kushangilia hakutoshi. Anayeunganisha simu nyumbani ana nafasi ambayo mwagizaji kutoka ng'ambo hana: ana mikono ya wateja wake mlangoni pake. Simu inayounganishwa hapa nchini yafaa imwulize mwenyewe, siku ya kwanza inapowashwa na kwa Kiswahili fasaha, agusegusa kioo mara chache. Kisha ijipimie kizingiti kinachomfaa yeye. Tukifanya hivyo, simu yetu itakuwa na sifa ambayo hata za bei ghali hazina, nayo itauzika kutoka Kigoma hadi Kampala.

Tatu, huduma za lazima zisiachwe mikononi mwa kioo peke yake. Mtambo wa benki, wa hospitali na wa ofisi ya umma ubaki na vitufe vya kubonyeza vyenye alama za kupapaswa. Huduma za simu zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa alama ya reli zisifutwe kwa kisingizio kwamba zimepitwa na wakati. Njia ya zamani haifungwi kabla ya mpya kupitika na wote.

Nne, na hili ndilo la kudumu, tujifunze kuzibuni chipu zenyewe. Wako wanaoamini kwamba kazi hiyo ni ya Marekani, Taiwan na Korea tu, na kwamba Mwafrika alizaliwa awe mnunuzi. Hao hawajasikia habari za Paarl, mji wa mashamba ya mizabibu katika jimbo la Western Cape, Afrika Kusini. Huko ndiko yaliko makao ya Azoteq, kampuni inayobuni chipu za aina hii hasa, zinazohisi ukaribu na mguso kwa umeme kidogo, na kuziuza katika masoko ya ulimwengu. Mji wa wakulima wa zabibu umeweza. Nchini mwetu, imeanzishwa kampuni ya semikondakta mjini Nyeri, katika eneo la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, mahali ambapo mchuma chai na mchuma kahawa wako umbali wa kutembea. Iwapo kuna mahali duniani panapofaa kufanyiwa utafiti juu ya chipu inayoujua mkono wa mkulima, ni hapo.

Wala tusidhani kwamba kazi hiyo itahitaji mabilioni siku ya kwanza. Kihisi cha mguso ni miongoni mwa chipu ndogo na sahili. Mwanafunzi wa uhandisi mwenye kipande cha shaba, kidhibiti kidogo cha bei nafuu na subira, anaweza kujenga kihisi cha ukaribu juu ya meza yake na kukijaribu kwa vidole vya mamake. Walimu wa vyuo vikuu wawape wanafunzi kazi hiyo badala ya kuwakaririsha mifano ya vitabu vya ng'ambo. Wapime mikono elfu moja ya Wakenya wa kila kazi na kila rika, waandike walichokiona. Kitabu cha namna hiyo kitakuwa na thamani kwa kila mtengenezaji wa simu anayetaka kuuza Afrika, naye atakuja kukinunua.

Nimesema kwamba anayechagua kizingiti huchagua nani atakayetambuliwa. Kwa miaka mingi tumekubali kuchaguliwa na wengine, tukalaumu vidole vyetu. Mchuma chai ameona haya mbele ya foleni kwa kosa ambalo si lake, na sisi tuliokuwa nyuma tukanung'unika badala ya kuuliza. Mkono ule ndio ulioilipia karo binti, binti akapata kazi, akanunua simu. Kisha simu ikamwambia mama kwamba hapana mtu.

Aliuliza, "Nitafanyaje, mwanangu?" Yeye hana la kufanya zaidi ya hayo aliyokwisha kuyafanya. Swali lake ni letu: la mhandisi anayeandika programu, la afisa anayetia muhuri wa idhini, la mwenye kiwanda cha Athi River na la mwalimu wa chuo kikuu. Mkono uliotulisha usiombe ruhusa ya kutambuliwa.